Maneno Yaliyokosa Mwenyewe

Kila siku baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wa Gredi ya Nane walisongamana kwenye dawati la Dorca. Walikuwa wakifuata daftari ambamo Dorca alikuwa ameandika, kwa kalamu ya buluu, hadithi yake ya Bwana wa Kilindi.

Ilikuwa hadithi ya kutisha, na ya mapenzi pia. Chini kabisa ya ziwa, mahali ambapo jua halifiki, alitawala kijana aliyevaa giza kama joho. Msichana aitwaye Aloo alishuka huko kumtafuta kaka yake aliyezama, na kijana yule akampenda. Sehemu ya kwanza iliishia pale Bwana wa Kilindi alipomposa Aloo, na milango yote ya kasri ikajifunga yenyewe.

Darasa lilikuwa na desturi moja. Kila aliyemaliza kusoma aliandika maoni yake kwenye ukurasa wa mwisho, kisha akatia jina. "Nimeota vibaya siku tatu. Asante sana. Calvince," yalisema maoni mojawapo.

Rafiki mkubwa wa Dorca alikuwa Lorine. Muhula mzima Lorine alitangaza kwamba sehemu ya pili ingekuwa na harusi ndani ya kasri. "Nawaambia, gauni litakuwa jeusi tititi!" alisema. Dorca alitabasamu tu.

Sehemu ya pili ilipokamilika, zamu za kusoma zilipangwa kwa kura. Lorine akawa wa tano. Aliisoma mtaani kwao Nyalenda, akiwa kwenye foleni ya maji. Alisoma kurasa za mwanzo, halafu akakunja uso. Bwana wa Kilindi alikuwa ametoka majini bila joho lake. Ngozi yake ilibabuka kwa jua. Akapata malaria, akalazwa kwenye mkeka, mama yake Aloo akimpikia uji.

"Malaria!" Lorine alifoka.

"Nani anaumwa kwenu?" mwanamke aliyekuwa nyuma yake aliuliza kwa huruma.

"Hakuna, Mama. Ni mtu wa kitabuni."

Alianza kuruka kurasa akitafuta harusi. Hakuiona. Alifika mwisho na kuwakuta Aloo na mpenzi wake wameketi ufuoni, wakishona nyavu zilizochanika. Basi!

Lorine aliona ametapeliwa. Tena alijua darasa lingemcheka kwa lile gauni lake jeusi. Alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko usijulikane, akaandika katika nafasi iliyobaki juu kabisa ya ukurasa wa maoni: "Hadithi imekufa. Bwana wa Kilindi amefanywa mgonjwa bila sababu yoyote. Dorca, rudi kwenye njugu zenu." Hakutia jina.

Kesho yake ilikuwa zamu ya Calvince. Alifungua ukurasa wa maoni kwanza, kama kawaida yake, akasoma kwa sauti kabla hajaelewa anasoma nini. Wengine waliangua kicheko. Dorca, ambaye mama yake aliuza njugu karanga sokoni Kondele, aliinamisha kichwa hadi paji la uso likagusa dawati.

Jioni walipokuwa wakitoka shuleni, Dorca alimuuliza Lorine, "Unadhani ni nani?"

Lorine akajibu haraka, "Sijui. Labda ni Calvince mwenyewe. Si daftari lilikuwa mkononi mwake tangu asubuhi, na ndiye aliyesoma kwa sauti?"

Dorca aliamini. Tangu hapo alimnyima Calvince salamu, na daftari halikuonekana tena darasani.

Jumamosi mama yake Lorine alirudi kutoka Kondele na njugu zilizofungwa kwa karatasi. "Mama Dorca ameniongezea kidogo," alisema. "Yule mama ana roho nzuri."

Lorine alikunjua karatasi. Njugu zilimwagika mezani, na chini yake akaona wino wa buluu.

"'Nitatokaje huku?' Aloo aliuliza. 'Kwa joho langu,' kijana akajibu. 'Atakayelivaa atafika juu akiwa hai. Mimi nitakuja nyuma yako bila kitu. Jua litaniunguza, na kila mbu atanijua.'"

Lorine alisoma mara mbili. Kumbe sababu ilikuwepo! Ilikuwa katika zile kurasa alizoziruka. Bila kugusa hata njugu moja, alitoka mbio.

Alimkuta Mama Dorca kwenye kigoda chake, kurasa za daftari zikiwa mapajani.

"Ai, Lorine! Njugu zimeisha tayari? Mama yako anafuga kuku?"

"Mama, tafadhali, usifungie njugu karatasi hizo."

"Hizi? Dorca mwenyewe amenipa. Nimemuuliza mara mbili, akasema hazina kazi tena."

"Zina kazi." Lorine alishindwa kumtazama. "Yale maneno mabaya niliyaandika mimi. Yale ya njugu."

Mikono ya Mama Dorca ilisimama. "Kwamba arudi kwenye njugu zetu," alisema polepole. Aliliangalia beseni lake, kisha akamwangalia Lorine, ambaye alitamani ardhi immeze. "Nyathina, mwanangu, ni njugu hizi zilizonunua daftari hilo."

"Naomba msamaha, Mama."

"Mwenyewe yuko hapo nyuma. Mwambie yeye."

Hakukuwa na haja. Dorca alikuwa amesimama na ungo mkononi, macho yamejaa machozi. "Wewe? Na ukanidanganya kuwa ni Calvince! Nimemgeuzia uso siku tatu. Na hizo kurasa za katikati, hukusoma?"

"Niliruka. Nilikuwa natafuta harusi."

"Uliruka!" Dorca alisema, kana kwamba hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote.

Walihesabu kurasa zilizobaki. Kumi na moja zilikuwa zimekwenda na wateja.

Jumatatu Lorine alimwomba Mwalimu Nakhungu ruhusa ya kusema na darasa. Alieleza yote, hata ule mkono wa kushoto.

"Kumbe ni wewe!" Calvince alipiga kelele. "Na mimi nimenyimwa salamu bure!"

Lorine alimgeukia, akamwomba radhi mbele ya wote.

Kwa wiki mbili, kila jioni, Lorine alichambua njugu badala ya Dorca, ili Dorca apate muda wa kuandika upya kurasa zilizopotea. Siku za kwanza hawakusemezana. Siku ya tano Dorca alimsogezea kigoda.

Jioni ya mwisho, Mama Dorca aliwatazama wote wawili. "Lorine, mtu akikupa kazi ya mikono yake, una haki ya kusema haijakupendeza. Lakini ipokee yote kwanza, kisha mwambie ukimtazama usoni. Neno unaloogopa kulitia jina lako, liache. Na kosa lako usimtwike mwingine."

"Nimesikia, Mama," Lorine alisema kwa sauti ndogo.

Dorca alimsomea ukurasa mpya, kisha akauliza, "Haya, ukweli?"

Lorine aliinua macho, akamtazama. "Hapa katikati panachosha kidogo."

Dorca alinuna. Aliusoma tena ukurasa ule kimoyomoyo, akachukua kalamu na kufuta mistari miwili.