Jumla ya Mstari wa Sita

Kila siku baada ya masomo, Wayua alifika nyumbani Shauri Moyo, akafua sare yake, akateka maji kwenye mfereji wa mtaa, kisha akakimbilia ukumbi wa kanisa. Mle ndani mlikuwa na kompyuta moja iliyounganishwa na televisheni kuukuu. Mwaka huo wa 1986, wengi mtaani hawakuwa wamewahi kuona kompyuta, sembuse kuigusa. Wayua alikuwa darasa la saba, na tayari alijua kuiandikia programu, yaani maagizo ambayo mashine huyafuata neno kwa neno.

Wiki hiyo alikuwa na kazi ya maana. Surua ilikuwa imeingia mtaani, na Sista Benta, muuguzi wa zahanati, alitaka kujua kila mstari wa nyumba ulikuwa na watoto wangapi ambao hawajachanjwa. Wayua na rafiki yake Raho walipiga hodi mistari sita, nyumba kumi kila mstari, wakaandika idadi daftarini. Kisha Wayua akaandika programu. Ilikuwa na mizunguko miwili, yaani maagizo yanayorudiwa tena na tena. Mzunguko wa nje ulipita mstari mmoja mmoja. Ndani yake, mzunguko mwingine ulipita nyumba kumi za mstari huo, ukiongeza watoto wa kila nyumba kwenye jumla aliyoipa jina J.

Jumatano namba zikatokea kwenye kioo: 14, 23, 34, 41, 53, 63. Mwalimu Phares, aliyewafundisha, alimsifu mbele ya wenzake wote, akazinakili.

"Sista atakuja saa kumi na mbili," alisema. "Atazijumlisha, aagize chanjo."

Raho alimsogelea Wayua, akanong'ona, "Mstari wa sita ni wa kwetu. Watoto sitini na watatu katika nyumba kumi? Tungekosa pa kukanyaga."

Wayua alifungua daftari. Mstari wa sita ulikuwa na watoto kumi tu. Sifa alizopewa punde zikamgeukia shubiri. Hakuna mwingine ambaye angekagua. Tena chanjo ikizidi, kuna ubaya gani? Lakini alikumbuka maneno ya Sista: dawa ilikuwa haba, na kina mama wa mtaa wa Mukuru kwa Reuben walikuwa wakiisubiri vilevile. Chupa zitakazorundikwa hapa bure zingewakosesha watoto wa huko.

Akasimama. "Mwalimu, orodha ile si sahihi. Kosa ni langu."

Mwalimu Phares alitazama saa ukutani. Ilikuwa saa kumi na moja na robo.

"Kosa liko wapi?"

"Bado sijui."

"Basi litafute. Usibahatishe. Fuata maagizo yako kama mashine inavyoyafuata."

Raho alichukua chaki, akapiga magoti sakafuni. Wayua alisoma programu kwa sauti, na kila J ilipobadilika, Raho aliandika. Nyumba kumi za mwanzo zikaisha kwa kumi na nne. Wakaingia mstari wa pili.

"Nianze na ngapi?" Raho aliuliza.

"J ni kumi na nne."

"Mbona kumi na nne, na hatujabisha hodi hata nyumba moja?"

Hapo Wayua akaliona kosa. J ilikuwa ikibeba watoto wa mstari uliopita na kuwaingiza katika mstari uliofuata. Alirudi mbio kwenye kompyuta, akaongeza agizo J = 0, ili jumla ianze upya. Namba zikatoka: 2, 0, 1, 3, 1, 0.

"Sasa zimekuwa chache mno," Raho alisema.

Wayua aliuma mdomo, akarudi sakafuni. Agizo alikuwa ameliweka ndani ya mzunguko wa ndani, kwa hiyo J ilifutwa katika kila nyumba, ikabaki na watoto wa nyumba ya mwisho pekee. Akalihamisha: mstari ukianza, kabla ya kuingia nyumba ya kwanza. Akabonyeza.

14, 9, 11, 7, 12, 10.

Walilinganisha na daftari, namba kwa namba. Zote ziliafikiana. Raho alimkumbatia, na ukumbi mzima ukapiga makofi.

Sista Benta alipofika, Wayua mwenyewe alimsimulia yote. Sista alijumlisha orodha ya kwanza, akapata mia mbili ishirini na nane. Ya pili ilikuwa sitini na tatu.

Jumamosi watoto wote sitini na watatu wa Shauri Moyo walichanjwa, na siku hiyohiyo Sista akapeleka chupa nyingine Mukuru kwa Reuben. Kabla ya kuondoka, aliwaita Wayua na Raho.

"Kukosea hesabu si aibu, wanangu," alisema. "Aibu ni kulijua kosa ukalinyamazia. Wayua, ulisema ukweli kabla hujajua namna ya kulirekebisha. Hapo ndipo ulipowaokoa watoto wa watu."

Wayua aliinamisha kichwa, lakini tabasamu lilimshinda.