Kiti Kilichoshushwa Inchi Tano

Maneno yalimkuta amepiga magoti, pini tano mdomoni, anapima pindo la sketi ya mteja. Ndiyo maana hakuweza kujibu. Mteja naye alipoona mwenzake kafungwa mdomo, wake ukafunguka.

"Hivi yule kijana wako wa lifti ana dada hapa mjini?"

Fundi akatikisa kichwa.

"Basi labda nimekosea. Leo Jumamosi asubuhi nilikuwa nafanya mazoezi njia ya mtoni. Nikamwona anamsukuma mwanamke kwenye baiskeli, kamshika kiuno hivi, wanacheka. Mwanamke ana helmeti ya njano. Uso sikuuona, alikuwa kainama juu ya usukani kama anatafuta kitu kilichodondoka. Labda si yeye. Mimi sipendi maneno."

Asiyependa maneno huyaacha kwake. Huyu aliyaleta, akayamwaga sakafuni kati ya vipande vya vitambaa, akajiangalia kwenye kioo, akasema sketi imemkaa vizuri, akaenda zake.

Fundi huyo watu walimwita Sindano, kwanza kwa wembamba, pili kwa ulimi. Chumba chake cha kushonea kilikuwa chini ya jengo la ghorofa nne, dirisha moja, cherehani mbili zinazotazamana. Ya pili ilikuwa ya shoga yake, Kibiriti, mwanamke mfupi mwenye moto. Kazi yake ilikuwa vifungo, zipu na ukali kwa wateja wachelewaji. Miaka kumi walikuwa wakikaa goti kwa goti.

"Kibiriti, umesikia?"

"Nimesikia kwamba yule dada ana macho makali ya kuona viuno vya watu. Shona, mama."

Sindano akashona. Lakini mguu ulikanyaga cherehani na moyo ukakanyaga njia ya mtoni. Kijana wa lifti walikuwa wakiendesha naye baiskeli kila Jumapili. Jumamosi yeye hushinda dukani. Sasa hiyo Jumamosi ni ya nani?

Walikutana mwaka mmoja nyuma, kwenye kivuko cha barabara mbele ya soko, saa ya watu kutoka kazini. Sindano alivaa sketi ndefu ya rangi ya zambarau, aliyoishona mwenyewe na kuionea fahari. Taa ikawaka, watu wakasukumana, na pindo la sketi likaingia kwenye mnyororo wa baiskeli ya mtu.

"Usikate!" alipiga kelele, maana alimwona kijana anatoa kitu kama kisu.

"Sikati, nafungua boliti. Tulia, dada, magari yanatungoja."

"Nguo ni yangu, mnyororo ni wako, na wewe ndiye unaniambia nitulie?"

Alikuwa kijana mpana wa mabega, sare ya buluu, mikono ina grisi. Aliuzungusha mnyororo kinyume, jino kwa jino, mpaka kitambaa kikatoka bila kuchanika. Madereva wakapiga honi.

"Kazi yako nini, wewe mwenye subira hivi?"

"Natengeneza lifti. Kupandisha na kushusha watu."

"Aha. Leo unapandisha, kesho unashusha."

"Wewe nikikupandisha sikushushi."

Alicheka bila kutaka. Mwanamke akishacheka katikati ya barabara, habari imekwisha.

Nyumbani Sindano aliishi na mama yake, mwanamke mrefu kama mlingoti, aliyezoea kuwa na wasiwasi kabla ya jambo kutokea. Jumamosi ile ya maneno alimkuta mama kakaa kitandani, mguu kaunyoosha, goti limevimba.

"Mama! Umefanyaje?"

"Nimejikwaa ngazini. Nipake dawa, mwanangu, acha maswali."

Sindano akampaka, akasugua goti la mama yake huku akili iko kwenye kiuno cha mwanamke mwingine. Mama akauma meno, kisha akauliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa:

"Huyo kijana wako, mnaelewana?"

"Kwa nini?"

"Nauliza tu. Na ile suruali yangu umemaliza? Miguu inaona baridi siku hizi."

Mama hakuwahi kuvaa suruali maishani. Sindano alikuwa amempima wiki mbili nyuma, mguu wa ndani inchi thelathini na tatu, akamshonea ya kijivu. Uzi wa kijivu ulimwishia kwenye pindo, akamalizia kwa wa kahawia. Akampa, wala hakuwaza. Wivu una kengeza, hutazama mbali na mguu wa karibu hauoni.

Jumapili asubuhi kijana wa lifti akaja na baiskeli mbili, moja anaendesha, nyingine anaikokota kwa mkono. Zote zilikuwa zake. Ya Sindano ilikuwa ya kijani, na kwenye nguzo ya kiti aliipiga mstari wa rangi nyekundu kuonyesha kimo cha mpenzi wake.

"Malkia, panda."

Sindano, suruali nyeupe, kitambaa chekundu kichwani, akapanda. Magoti yakamfika kifuani.

"Hii nini?"

"Ah!" Kijana akaruka, akatoa spana mfukoni kwa haraka. "Kiti kimeshuka."

"Kimeshuka chenyewe?"

"Kila kitu hushuka, mpenzi, waulize watu wa lifti."

Alicheka peke yake. Akakipandisha kiti mpaka kwenye mstari mwekundu, na masikio yake yakawa yanang'aa jasho wakati hata jua halijakolea.

Wakaenda polepole. Mto ulikuwa kushoto, umejaa, maji rangi ya chai ya maziwa, kingo za zege, mabata yamejipanga kama watu wanaongoja huduma. Wakimbiaji waliwapita wakihema. Njia ilipita chini ya daraja la kwanza, baridi na mwangwi, ikatokea kwenye miti na mabenchi. Siku nyingine Sindano angeimba chini ya daraja ili asikie sauti yake inavyorudi. Leo alimwangalia mwenzake mgongoni.

"Leo kimya sana, Sindano yangu. Umepoteza tundu?"

"Njia hii unaipenda sana."

"Naipenda nikiwa na wewe."

"Na usipokuwa na mimi?"

Kabla hajajibu, simu yake ikalia. Akaitazama, akaegesha baiskeli, akasogea mpaka ukingoni na kuupa mto maneno. Upepo lakini ulikuwa unatoka mtoni.

"Ndiyo... Jumamosi hii hii... Usiogope, safari hii sikushiki, unaenda mwenyewe... Hapana, hajui. Hajui kabisa."

Sindano alishuka. Fundi hatembei bila futi yake ya kupimia. Akaitoa mfukoni, akachuchumaa kando ya baiskeli ya kijani. Juu ya mstari mwekundu kulikuwa na mkwaruzo mpya, pale kibano kilipokuwa kimebana jana. Akapima. Inchi tano kamili.

Kijana aliporudi akakuta anangojwa.

"Nani hajui?"

"Mpenzi wangu..."

"Kiti kilishushwa inchi tano. Mguu wangu wa ndani ni thelathini na moja. Toa tano."

"Hesabu ya baiskeli haiendi hivyo."

"Toa tano!"

"Ishirini na sita."

"Nani ana mguu wa ishirini na sita?"

"Sijui. Watoto wa shule?"

"Unanifanyia mzaha? Mwenye helmeti ya njano ni nani?"

Hapo kijana akaitoa spana mfukoni, akairudisha. Kama angekataa, pengine angeaminiwa. Kama angesema kweli, mambo yangekwisha. Yeye alichagua njia ya katikati, na ndiyo mbaya kuliko zote.

"Yupo," akasema. "Lakini si unavyodhani. Nimeapa nisiseme. Nipe mpaka Jumamosi, basi."

"Jumamosi ndiyo siku yake, si yangu."

Akamwachia baiskeli ya kijani ikaanguka kwenye majani, akarudi kwa miguu njia nzima. Simu ililia mara kumi na moja. Alizihesabu zote, hakupokea hata moja.

Njiani alifungua kichwani daftari lake la vipimo. Mwenye mguu wa ishirini na sita alimjua. Tena alimkumbuka alivyochelewa kazini Jumamosi tatu mfululizo, kiganja shavuni, akisema ni jino. Kikulacho ki nguoni mwako, na fundi nguo zake zote hushinda nazo chumba kimoja.

Jumatatu hakusalimia. Wateja wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi. Akafungua daftari mbele yao, akalitupa juu ya cherehani ya Kibiriti.

"Soma."

"Nisome nini? Hicho ni kipimo changu."

"Ishirini na sita. Na kiti cha baiskeli kinasema ishirini na sita."

Kibiriti akatazama daftari, akamtazama usoni. "Wewe umenipima kwa baiskeli?"

"Jumamosi tatu umechelewa."

"Nilikuambia jino."

"Jino halipandi baiskeli! Miaka yote unanichekea, kumbe unanikatia kitambaa!"

Wateja wakashusha macho, lakini masikio wakayaacha wima. Kibiriti hakuwaka, na hilo lilitisha zaidi. Akachukua mkasi wake, akaufunga kwenye kitambaa, akakusanya kopo lake la vifungo.

"Miaka kumi tumekaa goti kwa goti," akasema mlangoni. "Ungeniuliza, ningekujibu. Hukuuliza. Umepima."

Wiki ile Sindano alishona mikono miwili ya kushoto kwenye koti moja. Jumamosi alifunga duka mapema asubuhi, akaenda mtoni, akajibanza kwenye nguzo ya daraja la kwanza. Alitaka kuwaona kwa macho yake, awatukane, ndipo alie.

Helmeti ya njano ikatokea kwenye kona. Baiskeli ilikuwa ile ya kijani, inayumba kama mlevi. Nyuma kijana wa lifti anakimbia, mikono hewani, hajamshika mtu.

"Usitazame chini! Tazama mbele! Hivyo hivyo!"

Mwanamke hakuwa mfupi hata kidogo. Kiti kilikuwa chini, na miguu yake mirefu ikapanuka huku na huku kama ya panzi. Kila alipoogopa, aliishusha yote miwili ikaburuza ardhi. Sindano akaona suruali ya kijivu. Akaona pindo la uzi wa kahawia.

"Mama?"

"Ondoka njiani!" mama akapiga kelele. "Mimi breki sijafundishwa!"

"Nilikufundisha jana kwa simu!" kijana akalia nyuma.

Baiskeli ikampita Sindano kwa upana wa pindo la kanga, ikaingia kwenye majani marefu, ikalala. Helmeti ikabaki inaonekana kama boga. Wote wawili wakamkimbilia.

"Umeumia, mama?" kijana akauliza, kapiga magoti. Hakuwa na hasira hata chembe.

Mama akakaa, akatoa majani mdomoni. "Hiyo ni mara ya ngapi?"

"Ya ishirini na mbili."

"Na bado huniambii nimekuchosha?"

"Bado."

Mama akamgeukia binti yake. Uso wake mkali ulikuwa umelegea. "Alikuja nyumbani kukuposa. Nikamwambia, maneno matamu hata baba yako alikuwa nayo, na siku niliyougua alinikasirikia kwa chai kuchelewa. Wanaume wema wa siku ya kwanza wamejaa tele. Nilitaka nione uso wake nikianguka mara ya ishirini. Nikamwapisha asikwambie."

"Lakini kiti..." Sindano akasema kwa sauti ndogo. "Kiti kilikuwa cha mtu mfupi."

"Cha mwanafunzi," kijana akasema. "Anayejifunza hushushiwa kiti ili miguu ifike chini. Nilitaka kukueleza, ukaniambia nitoe tano."

Sindano akakaa kwenye majani. Hakulia kwa furaha wala kwa aibu peke yake, alilia kwa vyote.

"Mama, nimefaulu?" kijana akauliza, mkono mfukoni, na kilichokuwa mfukoni kilijulikana.

"Wewe umefaulu," mama akasema. "Aliyeshindwa mtihani ni aliyeutunga, akamliza mwanawe."

Kijana akafungua mdomo kusema neno lake, Sindano akamzuia. "Ngoja. Nina mtu wa kwenda kwake kwanza. Nipandishie kiti."

Akaendesha mbio mpaka kwa Kibiriti. Mlango ukafunguliwa nusu. Kibiriti akachungulia. Alifungua mdomo, akavuta shavu kwa kidole, akamwonyesha pengo jekundu mahali jino lilipokuwa.

"Nisamehe, shoga yangu."

"Nimekusamehe."

"Basi Jumatatu urudi."

"Nimekusamehe, sijasema narudi. Cherehani yangu nimeiombea nafasi kwa fundi wa ng'ambo ya daraja. Siku ukishona gauni lako la harusi, niletee. Vifungo vyake nitashona mimi, asiguse mtu mwingine." Akafunga mlango taratibu.

Jioni simu ikalia. Safari hii alipokea mlio wa kwanza.

"Sindano yangu. Ile sentensi yangu bado iko mdomoni, inaota ukungu."

"Sema."

"Nikuoe?"

Alitazama ng'ambo ya chumba. Mama alikuwa anajipaka dawa gotini, anajifanya hasikilizi.

"Pandisha," akasema. "Lakini siri nyingine kama hiyo, nitashuka mwenyewe, tena kwa ngazi."

Gauni lilifungwa kwa vifungo ishirini na nne, vidogo, vimeshonwa na mkono usiokosea. Anayekaa pale ilipokuwa cherehani ya Kibiriti siku hizi ni mgeni. Anafanya kazi vizuri, lakini Sindano akimwita, mara nyingine hukosea jina.

Basi ya kuepuka ni haya:

Usipokee maneno ukiwa na pini mdomoni. Toa pini, uliza.

Usimwamini anayesema "labda si yeye."

Usimhukumu mtu kwa kipimo cha kazi yako. Baiskeli si suruali.

Usile kiapo cha kumficha jambo umpendaye, hata ukiombwa na mkwe.

Usimseme rafiki mbele ya wateja.

Usidhani msamaha unarudisha kila kitu mahali pake.

Na wewe mama mwenye binti, kama una wasiwasi, mwambie mwenyewe. Usiende kuutafutia jibu mtoni.