Sabuni ya Kuonyesha Waziri

Msafara wa waziri ulikuwa umeshaondoka, ving'ora vikififia kwenye barabara ya kijiji cha Miti kuelekea uwanja wa ndege, Inspekta Domitille alipoitwa kiwandani. Muzee Adalbert, mpishi wa sabuni kwa miaka arobaini, alilala kifudifudi nyuma ya pipa la kupikia. Kisogo kimepasuka, damu imeshaganda.

Domitille alivaa glavu, akamfungua marehemu mdomo. Alishafungua midomo mingi. Ulimi ulikuwa na chembe za sabuni.

Delphin, msimamizi aliyefundishwa kazi na huyo muzee, alieleza kabla ya kuulizwa. Wapishi wa zamani hupima sabuni kwa ulimi: ikiuma, inarudi motoni. Akaeleza na mengine. Serikali ilitaifisha kiwanda enzi zile, ikakiacha kikafa. Sasa inatoa msaada kukifufua, na sehemu ya pili itatoka waziri akishaona sabuni kwa macho. Leo ameiona, rundo zima, akapigwa nayo picha.

Domitille alichungulia ndani ya pipa. Utando wa buibui ulitanda ukingo hadi ukingo.

"Mulipika lini?"

"Juzi, maman inspekta."

"Buibui yenu iko na haraka kabisa."



Kwenye rundo palikuwa na kipande kilichong'atwa kona. Chini ya alama ya kiwanda ilionekana alama nyingine, ya nchi jirani, ng'ambo ya mto Ruzizi. Kando ya rundo palikuwa na muhuri wa chuma wa kupigia alama ya kiwanda; ulikuwa umeoshwa, ila ndani ya herufi damu ilibaki.

"Nani anashikaka hii muhuri?"

"Ni mimi."

Akaketi juu ya katoni.

"Directeur alinituma soko ya Nyawera kununua, nikapiga muhuri yetu. Muzee akaonja, akatema. Akasema waziri akiingia atamuambia, hii haikupikwa huku. Nikamuomba, papa, nyamaza leo tu, tuko watu makumi sita tunangojea hii kazi. Akanigeuzia mugongo."

"Ukapiga."

"Waziri alikuwa kwa mulango."

"Picha walipigia wapi?"

Delphin alinyoosha kidole. Hatua kumi.

Alifungwa miaka ishirini. Mkurugenzi alisema hakujua lolote, akahamishiwa Kinshasa. Msaada ulitoka, pipa likapakwa rangi, wale sitini wakaendelea kungoja. Domitille alishapewa faili lingine kesho yake ya mauaji. Agnès, mjane wa muzee, aliletewa katoni mbili za sabuni ile kama rambirambi. Akafulia mashuka ya matanga.