Sufuria ya Bati la Ndege

Sufuria mpya ilianza kunguruma kabla mama Kipanga hajawasha moto. Alikuwa ameinama jikoni, kiberiti mkononi, akasikia mngurumo kama wa pikipiki iliyo mbali, kisha harufu ya petroli ikampiga puani. Akachungulia. Maji yalikuwa baridi, lakini yalikuwa yakitetemeka.

"Baba Kipanga! Hebu njoo."

Mumewe, fundi bati, alikuja akicheka. "Sufuria imekukosea nini? Bati zuri hivyo utalipata wapi na vita hivi?"

Bati lilikotoka mke alikujua. Wiki iliyopita ndege ya mafunzo ilianguka nyuma ya kambi ya jeshi, ikaua mwalimu na mwanafunzi wake. Fundi hakungoja hata moshi uishe. Wanajeshi wakiwa bado wanautafuta mkono wa mwalimu majanini, yeye alipenya na mkasi wake akarudi na mzigo begani. "Kufa kufaana, mke wangu," alisema.

Mama hakuipenda kauli hiyo. Mwanawe wa pekee, waliyempachika jina la Kipanga kwa kupenda kwake kuruka, alikuwa akijifunza urubani kambini hapo hapo. Ndiye aliyewaeleza kwamba ndege ya mafunzo ina sukani mbili. Mwalimu akitaka kumwachia mwanafunzi husema, "Usukani wako!" na mwanafunzi lazima ajibu, "Usukani wangu!" Siku ndege ilipoanguka, waliokuwa kambini walimsikia mwalimu redioni akisema, ila jibu hawakulisikia. Kipanga mwenyewe jibu hilo lilikuwa limemkaa mdomoni, hata akipokea kikombe cha chai husema, "Usukani wangu!" na mama hucheka mpaka machozi.

Mchana wa jua la utosi, kuku wamejibanza kivulini na mtaa mzima kimya, sufuria ikanguruma tena, safari hii bila maji ndani, mfuniko ukagongagonga, moshi wa nywele zilizoungua ukajaa jikoni ingawa jiko lilikuwa jivu tupu, na ndani ya mngurumo ule ikatoka sauti ya mwanamume, tulivu, ya mtu aliyezoea kufundisha.

"Usukani wako."

Fundi alikuwa mlangoni. Kicheko kilimkauka.

"Umesikia?" mke alinong'ona.

"Nimesikia. Ngoja nimwite mganga."

Mganga alikuja akipenga kamasi. "Mafua yameniziba pua, lakini petroli naisikia," alisema, akagoma kuvuka kizingiti. "Shemeji, umeokota bati pamoja na mwenyewe. Jini la pale ndege ilipoanguka limevaa sauti ya marehemu, nalo linangoja jibu. Atakayejibu ndiye atakayeshika usukani pamoja nalo. Rudisheni kila kipande kabla jua halijazama, na midomo muitie kufuli."

Fundi akaifunga sufuria kwenye gunia, akaiacha jikoni, akaenda kuazima mkokoteni. Mama akaingia karakanani kukusanya vipande, akiomba Mungu yaishe kabla mwanawe hajapata ruhusa ya kuja nyumbani.

"Mama! Nina njaa!"

Ilikuwa sauti ya Kipanga, na ilitoka jikoni.

Mama alitupa vipande akakimbia, akajikwaa kwenye mkasi wa mumewe, akainuka, akapiga kelele, "Usijibu, mwanangu! Nakusihi, usijibu!" lakini mngurumo ulikuwa umeshapanda ukaimeza sauti yake, ukatetemesha madirisha, ukazidi kupanda, kisha ukakatika ghafla, na katika kimya kile yule mtu mtulivu akasema neno lake.

"Usukani wangu!" Kipanga alijibu, akicheka, akidhani ni baba yake anamtania.

Mama alipofika, harufu ya petroli haikuwepo tena. Gunia lilikuwa limelala sakafuni, na sufuria ndani yake haikutoa hata mlio. Kijana alisimama katikati ya jiko akiwa na sare yake safi, akitabasamu, kisha tabasamu likamwishia taratibu. Nje lori la kambi lilipiga honi kumwita.

"Leo narusha ndege peke yangu kwa mara ya kwanza, mama. Nilikuja kukuaga." Akautazama mkono wake wa kulia, uliokuwa umekunjwa ngumi hewani mbele ya kifua. "Ila mkono huu haufunguki."

Mama aliushika kwa mikono yake miwili. Juu ya vidole vya mwanawe akahisi vidole vingine, vya moto, vimeukaza.