Upande wa Pili wa Helikopta

Siku ya mwisho iliyokuwa kama siku nyingine, Anyitike, dada yake Isaka, alileta viazi vitamu na chai, akasimama na sinia mkononi, kwa kuwa meza yote ilikuwa vipande vya bati.

"Kaka, leo tunakula juu ya helikopta?"

Isaka akavisogeza kwa kiganja. Wakala. Kisha akafunga chumba kwa ufunguo, akarudi shuleni kufundisha fizikia.

Alikuwa akiijenga tangu Mei, kwa bati la madebe na waya, kipimo moja kwa ishirini, yote kwa kumbukumbu. Ilikuwa helikopta ya kijeshi ya aina ya zamani: kioo cha mbele mviringo kama yai, mkia wa vyuma vitupu kama ngazi, mapanga mawili marefu ya kuzunguka juu, na badala ya magurudumu, mabomba mawili ya kukalia chini. Ile ya kweli ilitua uwanja wa mpira wa Tunduma mwezi Machi, mwaka huo wa sabini na sita, siku ambayo barabara ya Mbeya ilikuwa imekatika darajani, na mkewe Tabita alikuwa juu ya mkokoteni akivuja damu. Afisa aliyesimama mlangoni alisema, "Ndani hakuna nafasi." Tabita alikufa kabla ya jioni.

Isaka alitaka kujua jambo moja tu: nafasi ilikuwepo au haikuwepo? Alijenga viti, akapima. Vilikuwa vitatu, na watu walikuwa watatu. Hakuwa na wa kumlaumu.

Aliporudi saa kumi, juu ya mabomba palikuwa na vibano vinne vya waya, viwili kila upande, vimelehemiwa vizuri kuliko yeye alivyoweza.

"Nani amegusa kazi yangu?"

"Mimi kulehemu nimejifunzia wapi?" Anyitike akajibu. "Na ufunguo unao wewe."

Isaka akavikata. Kesho yake vilikuwa vimerudi, na risasi ya kulehemia ilikuwa bado ya moto. Chumba kilinuka petroli na majani mabichi yaliyolowa, ingawa ilikuwa Julai na nje palikuwa na vumbi tupu.

Siku ya tatu, mchana, Anyitike alimwita kwa kunong'ona kutoka mlangoni. "Kaka. Sikiliza."

Ndani ya chumba kilichofungwa, kitu kilikuwa kikipiga hewa polepole, tap, tap, tap.

Isaka akafungua. Mapanga yalikuwa yakielekea kusimama. Upande wa kushoto, juu ya vibano viwili, palikuwa na machela ya bati, na juu yake kitu kirefu kama kidole kilichofunikwa kitenge cha kijani, kile kile alichozikwa nacho Tabita, na ndipo Isaka alipokumbuka kwamba siku ile, alipokuwa akiomba, mkono wake ulikuwa umeshika kibano kama hivyo, cha baridi, kimelowa, na kwamba hakuwahi kujiuliza ni cha nini, kumbe ni cha kubebea machela ya mgonjwa nje, na afisa aliyajua yote hayo, aliujua ule mkono ulikuwa umeshika nini, akachagua kusema habari za ndani.

Anyitike alimleta Mwanamvita, mama wa Kitanga aliyeuza vitenge sokoni na kutibu watu wenye majini. Akafukiza ubani, akaitazama meza kwa muda mrefu.

"Jini huyu alikuja na chombo kile, kikamwacha uwanjani. Wewe umemjengea nyumba. Wasomi ninyi, hata kaburi mtalichokonoa kwa rula!"

"Anataka nini?"

Mwanamvita akainamisha kichwa. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa kavu, yenye subira. "Nimebeba mmoja. Upande mmoja umelemea. Sipai."

Anyitike akaziba mdomo kwa upande wa khanga. Mwanamvita akajifuta jasho.

"Choma, Mwalimu. Leo, kabla jua halijazama. Ukimpa wa pili hatoki tena, na mtu utakayemlaza pale, popote alipo, haponi."

"Wa pili ni yeyote?"

"Usiniulize hivyo, mwanangu."

"Nimeuliza. Yeyote?"

Mwanamvita akakusanya vyetezo vyake, akaondoka hata chai hakunywa.

"Kaka, ichome," Anyitike akasema. "Nakusihi. Tabita asingetaka."

"Tabita alitaka kufika Mbeya."

Jua lilizama. Kiberiti hakikuguswa.

Asubuhi Isaka hakwenda shule. Alinoa mkasi wa bati. Kimo cha afisa alikuwa nacho: kofia yake ilifika ukingo wa juu wa mlango, na mlango alikuwa ameupima. Sentimeta tisa. Alimkata, akampa kofia, akamtengenezea machela, akamlaza upande wa kulia, akamfunga kwa waya kifuani na miguuni. Mapanga yakaanza kuzunguka kabla hajamaliza fundo la mwisho. Aliinamisha kichwa yasimguse, akaendelea kukaza.