Swali Aliloliuliza Swabir

Waungwana mlioketi, nanyi mabibi mlio nyuma ya pazia, nawaamkua kwa heshima na kuwaomba masikio. Ninalolileta si la kuburudisha. Nimelibeba kwa ghadhabu na kwa ghadhabu nitalitua.

Kwanza ilikuwa harufu. Katika ghala la nyumba moja ya Msambweni, udi ulinukia mchana, ilhali chetezo kilikuwa kabatini, kikavu na baridi.

Mwenye nyumba, Swabir, alikuwa akitunga mchezo wa kuigizwa Ukunda. Fondo, mkuu wa kikundi cha waigizaji, alikuwa amemrudishia kurasa zake akicheka kwamba wahusika wake wanagombana kama watu wanaosoma khutuba. Basi Swabir akaanza mazoezi. Alimchokoza mkewe, Warda, kwa chumvi ya mchuzi, kwa shati lisilopigwa pasi, hata kwa kumtaja mama mkwe. Warda alipowaka, yeye aliandika. Siku Warda alipotambua, alisimama mlangoni mwa ghala, mikono yake ina unga.

"Hasira zangu si mazoezi yako, Swabir."

"Hebu rudia," akasema mumewe, kalamu mkononi. "Pole pole."

Tangu hapo Warda hakumjibu tena. Swabir akaweka viti viwili ghalani: kwenye kimoja alikuwa mume, kisha alihamia cha pili akawa Subira, mke aliyemtunga mwenyewe. Fondo alikuwa amemfunza kwamba mwandishi humwuliza kila mhusika anachokitaka. Kwa Fondo ulikuwa ushauri mwema. Lakini Msambweni hata mtoto anajua kwamba asiyeonekana haulizwi hivyo; hilo ni swali la mganga kwa pepo aliyepanda, na anayeliuliza amejifunga kukitoa kitakachotajwa.

Swabir alilijua hilo. Akauliza.

"Wataka nini, Subira?"

Kabla hajainuka kuhama, kile kiti kitupu kikalia kama kilichokaliwa.

"Sauti ya mkeo."

Akafurahi. Nasema akafurahi, kwa kuwa jibu lilikuwa zuri.

"Ichukue," akasema, na kuandika.

Jikoni, Warda aliyekuwa akiongea na jirani dirishani alikatika katikati ya neno, akashika koo, akafungua kinywa isitoke hata pumzi yenye mlio, na papo hapo kutoka ghalani, kupitia harufu ile ya udi iliyokuwa sasa nzito kama moshi wa kuni mbichi, sauti yake ikaanza kufoka, ikimtaja mumewe kwa jina, ikimsuta kwa kila chokochoko aliyomfanyia, ikipanda na kupanda bila kupumua; na Swabir, badala ya kumkimbilia mkewe, aliandika mpaka ukurasa ukajaa.

Warda akamkamata ukosi, akamburura hadi kwa nyanyake, Mwanapili, aliyezoea kupunga pepo.

"Shikamoo, bibi," Swabir akanong'ona, akaeleza yote.

Mwanapili hakuitikia shikamoo yake. "Ulimpa kwa kinywa chako?"

"Nilidhani ni mchezo, bibi."

"Kilikuwa chako?"

Swabir akainamisha kichwa.

"Kilichokwisha kutolewa hakirudi bure," akasema bikizee, akitia ubani kwenye makaa. "Pepo huyo atakuachia sauti kwa sauti. Sema."

Swabir akaanza kueleza kwamba mchezo ulikuwa karibu kuigizwa, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa awafunze waigizaji kusema. Warda akamtazama bila kupepesa, machozi ya hasira yakimtiririka, hadi maneno yakamwishia.

"Chukua yangu," akasema. Hakusema tena.

Aliyenisimulia mwanzo ni Warda binti Matano, ukumbini kwake, kwa sauti yake timamu. Swabir alikuwa ameketi baina yetu akimenya muhogo, kinywa amekifumba; na kila Warda alipokasirika, sauti ya mumewe ilitoka ghalani, tulivu, ikisema, "Hebu rudia. Pole pole."