Fowili ya Baba Goodness

Agustino hajui kukaa kwenye gari kama abiria. Akikaa kiti cha mbele cha teksi, mguu wake wa kulia hukanyaga breki. Upande wake hauna breki, lakini yeye hukanyaga hivyo hivyo. Teksi ikikaribia basi, anakanyaga. Ikikaribia pikipiki ya umeme, anakanyaga. Madereva wa Guangzhou, kusini mwa China, humtazama kwa jicho la pembeni.

Asubuhi ile alikuwa akitoka Zhongda na mke wake, Felisia. Zhongda ni soko kubwa la vitambaa, na riziki yao iko huko. Hununua majora, huyapakia kwenye kontena, nayo huenda Dar es Salaam na kupanda hadi kwao Mafinga. Felisia alikaa kiti cha nyuma, amebanwa na majora mpaka shingoni.

"Baba Goodness, utatoboa gari la watu," alisema.

"Huyu kijana hana breki."

"Anazo. Wewe ndiye huna."

Walipoingia barabara ya Huanshi Zhonglu, simu ililia. Alikuwa Goodness, binti yao wa pekee. Goodness alisoma chuo Harbin, mji ulio kaskazini kabisa mwa China, na alikuwa bado huko akitafuta kazi.

"Baba, nimepata kazi!"

Felisia akapiga kigelegele kutoka nyuma ya majora. Dereva akashtuka, akakanyaga breki kwelikweli.

Goodness alieleza. Ni kazi ya ukalimani kwenye kampuni inayouza mashine za kilimo. Ofisi iko kwenye ghala, nje ya mji. Hakuna basi linalofika huko asubuhi. Bosi amesema wazi: asiyeweza kufika wakati wa baridi, nafasi yake apewe mwingine.

"Leseni ninayo," Goodness alisema. "Mkinisaidia kununua kagari kadogo, mafuta na bima nitalipa mwenyewe kwenye mshahara."

"Huko kuna baridi kiasi gani?"

"Ishirini chini ya sifuri, baba. Siku nyingine thelathini."

"Na barabara?"

"Barafu."

Teksi ilikuwa imesimama kwenye taa nyekundu. Hata hivyo mguu wa Agustino ulikanyaga. Alikuwa na mtoto mmoja tu duniani, na mtoto huyo alikuwa anataka kwenda kuendesha gari juu ya barafu. Hofu ilimshika. Lakini Agustino akishikwa na hofu haonyeshi hofu. Huonyesha ujuaji.

Siku iliyofuata alitoka mapema, akarudi ofisini mchana akiwa anatabasamu. Ofisi yao iko Tianxiu Dasha, jengo refu lililojaa wafanyabiashara wa Kiafrika na mawakala wa mizigo. Felisia alikuwa anakata sampuli za vitambaa.

"Nimelipata," alisema Agustino. "Liko kwenye yadi ya magari yaliyotumika. Jeusi. Kubwa. Fowili."

Fowili ni gari ambalo injini yake husukuma magurudumu yote manne. Magari mengi madogo husukumwa na magurudumu mawili tu. Agustino aliliheshimu neno hilo kuliko majina ya wakwe zake.

"Lina siti ngapi?" Felisia aliuliza.

"Saba."

"Goodness yuko peke yake."

"Theluji haiulizi uko na nani. Nimelizunguka, nimepiga mateke matairi yote manne. Safi kabisa."

Kweli aliyapiga mateke. Wanaume wengi hufanya hivyo wakinunua gari, na ukiwauliza walikuwa wanatafuta nini, hawajui.

"Mama Goodness, mimi nimeendesha gari Mafinga wakati wa masika," aliendelea. "Matope mpaka magotini. Malori yamelala ubavu. Nani alinitoa? Fowili! Na theluji ni nini? Ni matope meupe."

"Umewahi kuiona?"

"Nimeiona."

"Wapi?"

"Kwenye friji."

Kicheko kikasikika kutoka mlango wa pili. Alikuwa Muthoni, jirani yao, Mkenya anayepeleka vipuri vya magari Nairobi. Muthoni hana tabia ya kusikiliza mazungumzo ya watu. Ni milango ya Tianxiu tu ndiyo imekaribiana. Naye alisoma Harbin, na katika miaka yake ya huko aliendesha gari majira yote ya baridi.

"Baba Goodness, hiyo ya friji umenimaliza," alisema akiingia bila kubisha. "Sasa nikuulize. Fowili inakusaidia kuondoka. Ni nani atakusaidia kusimama?"

"Breki."

"Na breki inashika nini?"

"Gurudumu."

"Na gurudumu linashika nini?"

Agustino akakohoa. "Barabara," alisema.

"Na barabara ikiwa ni kioo?"

"Ndiyo maana nanunua fowili!"

"Aki huyu mzee," Muthoni akamwambia Felisia. "Usimwache ampe laoban, huyo bosi wa yadi, hata senti. Jumamosi twende Huadu. Kuna ukumbi wa theluji ya kutengenezwa huko."

Jumamosi walikwenda. Nje kulikuwa na joto la kutoa jasho. Ndani ya ukumbi kulikuwa na baridi ya kuuma masikio, na kilima cheupe ambapo watoto walikuwa wakiteleza na vibao vya plastiki. Agustino alisimama akakitazama kilima kile kwa muda. Hakikufanana na matope.

Mlangoni walikodisha makoti na mabuti. Felisia alichukua mabuti yenye soli laini ya mpira, iliyochorwa mifereji mirefu. Agustino alichukua koti tu.

"Nikodi viatu, na mimi nimevaa viatu?" aliuliza.

Alikuwa amevaa viatu vyake vya kanisani. Ngozi nyeusi, ncha kali, soli nyororo. Alikuwa amevipiga kiwi.

"Haya, panda kilima," Muthoni alisema.

Agustino alipiga hatua, akateleza. Akapiga nyingine, akarudi nyuma. Akapiga ya tatu kwa hasira, akabaki pale pale, miguu ikienda na yeye haendi.

"Tumia fowili!" Muthoni alipaza sauti.

Agustino akafikiri. Kisha, mbele ya mke wake na watoto wa watu, akapiga magoti, akaweka mikono chini na kupanda kwa miguu na mikono. Na alipanda! Polepole, lakini alifika juu. Akageuka, mikono ingali chini.

"Mmeona?" alipiga kelele. "Mmeiona fowili?"

"Tumeiona!" Muthoni akajibu. "Sasa shuka, usimame kwenye ule mstari mwekundu."

Mstari ulikuwa katikati ya mteremko. Felisia alikuwa ameshaufikia kwa miguu yake miwili, ndani ya mabuti yake, na alisimama pale akiwa ameshika kiuno.

Agustino alianza kushuka kwa miguu na mikono. Mwanzo alikwenda vizuri. Kisha alikwenda haraka. Kisha hakwenda tena, alipelekwa. Mguu wake wa kulia ukakanyaga breki kama kawaida yake, na kama kawaida breki haikuwepo. Akaupita mstari mwekundu. Akampita mke wake, ambaye alimpungia mkono. Akaishia chini, ndani ya lundo la vibao vya plastiki.

Watoto walipiga makofi. "Shushu! Shushu!" waliita. Maana yake ni mjomba. Walitaka mjomba arudie.

Baadaye walikaa kwenye mgahawa wa hapo hapo. Agustino alikumbatia kikombe cha chai kwa mikono yote miwili.

"Sasa umeelewa?" Muthoni aliuliza kwa upole. "Kupanda ulipanda. Hapo fowili inasaidia, mimi siikatai. Lakini kusimama ni kazi ya soli. Soli ya gari ni tairi. Gari ndogo yenye matairi ya baridi itasimama mahali ambapo fowili yenye matairi ya kawaida inapitiliza."

"Matairi ya baridi yana nini?" aliuliza Felisia.

"Mpira wake ni laini. Tairi ya kawaida kwenye baridi kali inakuwa ngumu kama ubao. Ya baridi inabaki laini, inashika. Angalia ubavuni, kuna alama ya mlima, na ndani yake chembe ya theluji. Na zote nne ziwe hivyo. Si mbili mbele, nyuma uwaachie malaika."

"Yale ya yadi nilisahau kuangalia alama," Agustino alisema.

"Uliyapiga mateke," Felisia alimkumbusha.

"Kitu kingine," Muthoni aliendelea. "Kununua gari ni siku moja. Kulilisha ni kila siku. Gari kubwa hivyo linakunywa mafuta mengi, hata kama limebeba msichana mmoja na mkoba wake. Bima yake iko juu. Fowili ina difu ya ziada, yaani giaboksi ndogo ya kwenye ekseli, nayo inataka oili yake. Tairi moja ikipasuka, hubandiki yoyote tu. Zinatakiwa zilingane na kuchakaa sawa, la sivyo mtambo wenyewe unaharibika. Unaweza kununua zote nne kwa sababu ya msumari mmoja. Haya yote yanatoka kwenye mshahara wa nani?"

Agustino akatazama chai yake. Alikuwa amefikiria bei ya kununua tu. Aliona haya, na haya ile ilimchoma kuliko baridi.

"Na ulipanga kulifikishaje Harbin?" Muthoni aliuliza.

"Ningeliendesha."

"China nzima?" Felisia akashangaa. "Na mguu huo?"

Wakampigia Goodness, wakamsimulia habari za gari jeusi. Muthoni alimuuliza swali ambalo baba yake hakuwahi kuuliza. "Mpenzi, barabara yako ya kazini ikoje hasa?"

"Ni tambarare, shangazi," Goodness alijibu. "Magari ya kukwangua theluji yanapita alfajiri. Taabu ni mteremko wa getini. Pale hayafiki mpaka saa nne, na mimi natakiwa kuingia saa mbili. Majuzi nilipokwenda kwenye usaili, theluji ya kwanza ilikuwa imedondoka, tukalisukuma gari la mhasibu mpaka juu."

Agustino akanyanyuka kwenye kiti. "Kuna kilima! Fowili!"

"Kaa chini," wanawake wote watatu walisema, mmoja wao kwenye simu.

"Lakini hapo una haki," Muthoni alikubali. "Kilima kisichokwanguliwa, kila asubuhi, hiyo ni kazi ya fowili. Kama angekuwa na tambarare tupu, ningesema gari la kawaida na matairi ya baridi, basi. Kwa hiyo atafute fowili ndogo, ya injini ndogo. Ainunue huko huko Harbin, ambako magari yamezoea baridi. Na pesa ya matairi muitenge kwanza, kabla hamjauliza bei ya gari."

"Na lile jeusi, baba," Goodness alisema, "ningelilaza nje nikawa nalitazama dirishani. Mafuta nisingeweza."

Agustino alicheka, ingawa hakutaka.

Laoban wa yadi alipopiga simu, Agustino alimjibu kwa Kichina chake cha sokoni kwamba hataki. Laoban akashusha bei. Agustino akasema tena hataki. Mtu aliyewahi kumuuzia Agustino kitambaa angeshangaa, maana hajapata kuikataa bei iliyoshuka.

Goodness alipata gari Harbin baada ya kuzunguka sana. Lilikuwa dogo, jekundu, fowili, limetumika lakini limetunzwa. Kabla ya kulipa, baba yake alimpigia simu ya video.

"Chuchumaa," aliamuru. "Nionyeshe tairi. Sogeza simu. Mlima nauona. Theluji iko ndani? Haya, la pili."

"Baba, nakufa na baridi."

"La tatu."

Wakati wa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina, Zhongda ilifungwa. Agustino na Felisia walipanda ndege kwenda Harbin. Agustino alishuka akiwa amevaa mabuti ya mpira laini, na kila aliyemsalimia alionyeshwa soli.

Siku ya pili Goodness aliwapeleka kuona anapofanya kazi. Agustino alikaa mbele. Theluji ilikuwa imeanguka usiku. Kwenye mteremko wa getini gari dogo lilinguruma kidogo, likashika na kupanda bila kuteleza. Agustino alimtazama mke wake kwenye kioo.

"Fowili," alinong'ona.

"Tumesikia," alijibu Felisia.

Wakati wa kurudi walishuka polepole kuelekea njia panda. Goodness aliondoa mguu kwenye mafuta mapema, wakati taa nyekundu bado iko mbali. Akagusa breki kidogo kidogo. Gari kubwa jeusi likawapita kwa kasi. Lilipoikaribia taa nyekundu, taa zake za breki ziliwaka. Magurudumu yalisimama, lakini gari halikusimama. Lilipita taa, likapita njia panda, likaenda kuchomeka pua kwenye lundo la theluji.

Gari la Goodness lilisimama kwenye mstari, taratibu.

Dereva wa lile jeusi alikuwa mwanamume mnene mwenye viatu vya kung'aa. Alifungua mlango, akakanyaga chini, na mara akawa amesimama kwa miguu na mikono. Goodness aliegesha pembeni. Agustino akashuka, akamwendea kwa hatua imara na kumshika mkono. Yule dereva hakuwa ameumia. Agustino akainama, akayatazama matairi ya gari lile. Hayakuwa na mlima wala theluji.

"Che hao," alimwambia. "Luntai bu hao." Gari zuri. Matairi si mazuri.

Mtu yule alitazama gari lake, akatazama viatu vyake, akacheka. Wakalisukuma pamoja mpaka likatoka.

"Ulikuwa unamwambia nini?" Felisia aliuliza mumewe alipoingia garini.

"Nimemwambia anunue viatu."

Wakaendelea na safari. Barabara ilikuwa nyeupe mbele yao, na magari mengine yalikuwa karibu. Goodness aliacha nafasi kubwa mbele yake na kuendesha polepole. Baada ya muda alimtazama baba yake kwa pembeni.

"Baba, mbona leo hukanyagi?"

Agustino akautazama mguu wake wa kulia. Ulikuwa umetulia ndani ya buti, haujui hata kama uko kwenye gari.

"Huyu dereva ana breki," alisema.